Ukurasa Kabla Maji Hayajachemka

Butembo, mtu akikuona umeinamia daftari na kalamu mkononi, anajua unaandika orodha ya bidhaa. Hahitaji kuuliza. Huu ni mji wa biashara, na hata watoto wake wakicheza hucheza duka. Ndiyo maana mwenye nyumba wa Berthe, aliyekuwa akimwona kila alfajiri ameketi kando ya jiko la makaa na blanketi mabegani, anaandika, alikwenda kuwatangazia majirani kwamba msichana yule wa kahawa atafungua duka muda si mrefu. Alipoambiwa kwamba ni kitabu, tena hadithi ya kubuni, alimfuata Berthe mwenyewe kumwuliza.

"Na weye unapata nini ndani?"

Mpaka leo mwenye nyumba anaamini kuna duka linafichwa.

Nitasema ukweli kuhusu kitabu hicho kabla sijakisifu, maana nitakisifu. Kwa miaka mingi hakikuwapo. Berthe alikuwa mmoja wa wale waandishi wasioandika, ambao dunia imejaa wao. Alikuwa na hadithi kichwani, ya familia moja inayolima kakao pembeni mwa msitu, upande wa Oicha alikozaliwa, na alikuwa akingoja siku moja nzima ya kukaa nayo. Siku hizo zilikuja. Mji ulipotangaza ville morte, maduka yote yakafungwa kwa mgomo na hata muuza mandazi akabaki kwake, Berthe alipata siku ya bure toka asubuhi hadi jioni. Akafua nguo. Akapanga viatu. Akaandika kichwa cha hadithi mara tatu, kila mara kwa mwandiko mzuri zaidi, halafu giza likaingia. Ville morte ya pili ikawa hivyohivyo.

Kilichomwokoa ni baridi ya Butembo. Asubuhi moja, akingoja maji ya kuoga yachemke, mikono ikiwa imekufa ganzi, alichukua daftari ili apate tu kitu cha kufanya. Maji yalipoanza kububujika alikuwa amejaza ukurasa mzima. Kesho yake akajaribu tena, na tena ukatoka ukurasa. Basi akajiwekea sheria: ukurasa mmoja kabla maji hayajachemka. Usipokwisha, maji yapoe, aoge ya baridi. Mtu anayejua maji ya Butembo saa kumi na moja alfajiri ataelewa jinsi kalamu ile ilivyokimbia.

Lakini sheria ya peke yako unaweza kuivunja peke yako, na hakuna atakayekuona. Sheria ya Berthe ilipata mashahidi kumi na wanane.

Alikuwa akichagua kahawa kwenye depo moja ya mjini. Wanawake wanaketi chini kwa safu juu ya magunia, kila mmoja na ungo wake, wanatoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, na punje nzuri zinabaki. Ni kazi ya macho na vidole. Masikio yanabaki bila kazi. Ndiyo maana siku moja Ornella, mdogo wao na mwenye mdomo mrefu kuliko wote, alimgeukia, akimwita Ya, yaani dada mkubwa.

"Ya Berthe, macho yako iko mwekundu hivi juu ya nini? Unaamukaka na nani asubuhi yote?"

"Na daftari."

"Daftari ya nini? Leta tusikie basi!"

Akasoma ukurasa wa asubuhi ile. Ulihusu mama mmoja anayemchapa mwanawe kwa kula kakao mbichi, kisha anakaa nyuma ya nyumba na kunyonya punje zilezile. Safu nzima ilicheka. Mama Vagheni, mkubwa wao, mjane mwenye umri wa miaka sitini na kitu ambaye vidole vyake vilijua punje mbaya kabla macho hayajaiona, hakucheka. Alitikisa ungo wake mara mbili.

"Iko muzuri," alisema. "Kesho ulete ingine. Mais usikuye mikono tupu, hapana tutakupatia nafasi ya kukaa."

Tangu siku hiyo, saa nne kamili, maongezi yalikatwa na ukurasa ukasomwa. Usifikiri walikuwa wasikilizaji wa kupiga makofi tu. Walichagua sentensi kama walivyochagua kahawa. Mtu wa kwenye hadithi akilia sana, walisema amelia kupita kiasi. Akipika sombe, yale majani ya muhogo, bila mawese, walitaka kujua huyo ni mgonjwa wa nini. Siku Berthe alipoamka na homa akajaribu kutunga papo hapo bila kuandika, Mama Vagheni alimkatiza katikati.

"Hii hapana ya daftari. Hii unaokota mu njia. Kunywa dawa, utatuletea kesho mbili."

Na kesho yake akaleta mbili! Kiburi alichokuwa nacho Berthe akitembea kwenda kazini na kurasa zile kwapani hakikuwa kidogo. Alipita katikati ya wafanyabiashara wenye magari na kuwaonea huruma. Sokoni Mama Vagheni alikwishaanza kusema "kitabu yetu", na Ornella aligombana na msichana wa depo jirani aliyedai kwamba kwao pia kuna mtu anaandika.

Hata Papa Roger alinaswa. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali aliyetumwa kutoka Kananga kukagua ubora wa kahawa, mtu wa tai kila siku na Kiswahili cha kuokota. Kazi yake hapo depo ilikuwa ya nusu saa kwa wiki. Sasa alikuja kila siku saa nne kasoro dakika tano, akajifanya kupekua gunia.

Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili ulikuwa wa sala. Berthe aliupenda kuliko zote. Alisoma kwa raha, akiwa amenyoosha mgongo: "Jua lilipozama mama alisimama mlangoni na rozari mkononi, akaita watoto wake mmoja mmoja, kwa mpangilio wao, na sauti yake ikafika mpaka kwenye miti ya kakao. Paluku! Kasereka! Kakule! Jemima! Wakaja wote, wakapiga magoti."

Vidole vilisimama. Safu nzima, nyungo kumi na nane, hakuna punje iliyosogea.

"Très bien!" alisema Papa Roger. "Kabisa naona ile mama."

Mama Vagheni alimtazama Berthe.

"Na Kambale?" aliuliza. "Kambale iko wapi?"

"Kambale njo nani?" alisema Papa Roger. "Mu ile kitabu hakuna Kambale."

"Njo maana tunauliza, Papa Roger."

Ornella ndiye aliyemwonea huruma mgeni. "Kwetu jina hapana mutu anachaguaka. Banahesabu. Mutoto mwanaume wa kwanza, Paluku. Wa pili, Kambale. Wa tatu, Kasereka. Wa ine, Kakule. Ukisikia Kasereka, unajua mbele yake kuko Kambale."

"Na kama alikufa?"

"Hata akufe siku ya kuzaliwa. Nafasi yake hakuna mwingine anaikamata. Ya Berthe ametuambia mama anaita batoto bote, na bote bamekuja. Donc mumoja hapana aliitwa."

Berthe alifunga daftari. "Nilisahau," alisema.

"Mutu anasahauka chumvi mu mboga," alisema Mama Vagheni, bila ukali wowote. "Kambale, mutu hapana anamusahauka."

Akarudisha macho kwenye ungo wake, na wengine wakafuata.

Sasa nikwambie, maana Berthe hakuwaambia. Kosa lile lingeweza kufanywa na mtu wa aina moja tu, yule aliyekulia katika nyumba yao. Nyumbani kwao majina yalikuwa yakitajwa hivyohivyo kwa miaka saba: Paluku, Kasereka, Kakule, halafu yeye Berthe, aliyejipa jina la Jemima kitabuni. Wamezoea hata hawasikii tena pengo. Kambale alikuwapo, kaka yake wa pili, mrefu, mwenye kucheka kwa pua. Mwaka ule Berthe alikuwa finaliste, anajiandaa kwa mtihani wa serikali. Kakao yao ilikuwa imevunwa na kufunikwa kwa majani ya migomba kwenye sanduku la mbao, na kakao ikianza kuchacha lazima igeuzwe kwa siku yake, haingoji mtu. Watoto walikuwa na zamu. Siku ile ilikuwa zamu ya Berthe. Alikaa na daftari lake la historia, akasikia hatua nje, akainua kichwa na kumwona Kambale anaondoka na koleo begani. Hakusema kitu. Alifurahi, akarudi kusoma.

Saa sita mchana risasi za waasi zilisikika upande wa mashamba. Kambale hakurudi. Hawakupata mwili, kwa hiyo hapakuwa na matanga, na pasipo matanga hawakujua wamweke upande gani, wa wazima au wa marehemu. Walikimbilia Beni na magodoro mawili. Mama yao, Kitsa, hakulitamka tena jina lile, na mama asipotamka, nani atatangulia? Matokeo ya mtihani yalipotoka, wenzake Berthe walimwagiwa poda kichwani hadi nyusi zikawa nyeupe, wakatembezwa mtaani kwa nyimbo kama tunavyowafanyia wote wanaofaulu. Berthe alipata asilimia sitini na moja. Aliosha vyombo siku ile, na hakuna aliyemmwagia hata chembe.

Ndicho kitabu alichokuwa akikiandika, na alikuwa akikiandika kwa ajili ya mama yake. Alitaka kumrudishia kijiji, na miti, na mlango ule. Alifikiri anaweza kumrudishia yote isipokuwa mmoja. Sasa wanawake kumi na wanane walikuwa wametia kidole kwenye tundu lenyewe. Akimwacha Kambale nje, kitabu ni cha uongo na kila Mnande, yaani mtu wa kabila lao, atausikia uongo huo kwenye mstari mmoja. Akimtia ndani, itabidi aandike ilikuwa zamu ya nani, na itabidi mama yake asikie.

Asubuhi iliyofuata maji yalichemka na ukurasa ukabaki mweupe. Akaoga ya baridi. Siku ya pili, hivyohivyo. Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Hawasemi kwamba kibaba kinaweza kumwagika kwa asubuhi mbili tatu tu. Siku tisa Berthe alikwenda kazini mikono mitupu.

Na wanawake? Nawapenda kwa hili. Hawakumnyima nafasi, hawakumsema, hawakumwuliza. Saa nne ilipofika walikata maongezi, kama kawaida, wakaweka vidole juu ya magoti, wakakaa kimya kwa muda ambao ukurasa mmoja huchukua kusomwa. Kisha Mama Vagheni alitikisa ungo na kazi ikaendelea. Siku tisa! Siku ya sita meneja wa depo aliuliza huo mgomo ni wa nini. Papa Roger alimjibu, tai yake ikiwa imekaa sawa, kwamba ni utaratibu wa ubora, macho yanapumzishwa. Serikali yetu ina makosa mengi, lakini siku ile iliwakilishwa vizuri.

Asubuhi ya kumi, Berthe aliweka sufuria motoni na kuandika sentensi moja. Maji yakachemka. Akachukua daftari, akaenda. Saa nne akasimama, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

"Ni mustari moja tu," alisema.

"Tumezoea punje moja moja," alisema Mama Vagheni.

Akasoma: "Mtoto wa pili alikuwa Kambale, na zamu ya kugeuza kakao siku ile haikuwa yake."

Ornella alifunika mdomo. Mama Vagheni alisema polepole, kwa Kinande, "Wasingya," yaani asante, akarudia mara ya pili. Siku iliyofuata zilikuja sentensi tatu. Baada ya wiki ulirudi ukurasa mzima, na kurasa hizo, nakuapia, zilikuwa nzuri kuliko mia moja na kumi na mbili za kwanza. Aliurudia pia ukurasa wa sala na kumweka Kambale mahali pake.

Kitabu kilikwisha Jumamosi moja, kurasa mia mbili na tatu, madaftari matatu. Aliposoma neno la mwisho Ornella tayari alikuwa ameficha kopo la poda nyuma ya gunia. Alikurupuka nalo, na safu nzima ikaanza kupiga vigelegele, lakini Berthe aliinua mikono.

"Bado. Kuko mutu hajasikia."

Wakaelewa. Mama Vagheni alilichukua kopo, akalifunga vizuri, akalitia kwenye mfuko wa Berthe pamoja na madaftari. "Enda na yo," alisema. "Uwaambie kama kitabu ni ya depo yetu."

Jumapili Berthe alishuka Beni. Mama yake alikuwa akikaa kwa Kasereka, mtaa wa Ruwenzori, katika nyumba ya mbao yenye ua uliofagiwa hadi ukang'aa. Misa ilikuwa imekwisha. Walikaa uani wawili peke yao, mama akitoa maharage kwenye maganda, na Berthe akasoma. Alisoma saa ya kwanza, na mama alicheka kwenye kakao mbichi, akasema yule mama ni mwongo kama mama mmoja anayemjua yeye. Alisoma saa ya pili. Alipoukaribia ukurasa wa sala, alipunguza mwendo. Angeweza kuuruka, mama hajui kusoma. Lakini mkono uliozoea kujaza ukurasa kila siku haukukubali kuruka hata mmoja.

"Paluku! Kambale! Kasereka! Kakule! Jemima!"

Ganda lilianguka kutoka mkononi mwa mama. Berthe hakusimama, aliogopa kwamba akisimama hataanza tena. Akasoma zamu, akasoma daftari la historia, akasoma hatua za nje na koleo begani, na msichana aliyefurahi na kurudi kusoma. Kisha akafunga daftari na kungoja.

"Ile jina, rudilia," alisema mama.

"Kambale."

"Nionyeshe."

Berthe akafungua, akamwekea kidole chini ya neno. Mama alilipapasa kwa kidole chake chenye rangi ya maharage, herufi kwa herufi, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Ni kweli, ilikuwa zamu yako," alisema. "Nilikuita mara mbili. Hukusikia, kichwa ilikuwa mu daftari. Nikaanza kukasirika, nikataka kukuya kukukokota. Yeye njo alinizuia." Alivuta pumzi. "Alisema, 'Mama, umuache, asome. Miye nitaenda. Na akifaulu, poda ya kwanza miye njo nitamumwangia, hakuna mwingine.' Akacheka na ile pua yake, akaenda. Nami nikamuacha aende. Miaka saba nasema ni miye nilimutuma."

Berthe hakuwa amejua. Alilia kwa sauti kama mtoto, na mama akamwacha alie mpaka akamaliza. Kisha mama akafuta mikono kwenye kitenge.

"Ile maneno yake iko mu kitabu?"

"Hapana, mama. Sikuijua."

"Na leo umeandika?"

"Leo nilikuwa mu njia."

"Basi siku haijaisha," alisema mama. Akainuka, akachochea jiko, akaweka sufuria ya maji, maana binti yake alikwishamsimulia sheria ile. "Andika. Anza na pua."

Berthe akaandika na mama akasema. Alisema Kambale alivyopenda ngozi ya maziwa, alivyomfundisha Kakule kuendesha baiskeli isiyo na breki, alivyosema maneno yale na koleo begani. Miaka saba ya maneno haiingii katika sufuria moja. Maji yalipoanza kuimba, mama aliinama na kuondoa makaa mawili. Baadaye akaondoa mengine. Ukurasa ukawa kurasa tatu.

Berthe alipoweka kalamu chini, mama aliuvuta mfuko wake, akalitoa lile kopo aliloliona tangu asubuhi. Akamwondolea binti yake kitambaa cha kichwa.

"Hii ni ya Kambale," alisema, na akamimina yote.

Poda ikawajaa nywele, nyusi, kitenge na maharage. Mama Kitsa, ambaye mtaa mzima ulimjua kama mwanamke wa sauti ndogo, alipiga kigelegele kilichotoa watu majumbani. Jirani yake Victorine alikimbilia kwenye ua, mwiko mkononi.

"Mama Kitsa, kuko nini? Nani amefaulu? Examen gani, mu mwezi hii?"

"Mutoto yangu ameandika kitabu!" alisema mama. "Kurasa mia mbili na sita, moja moja, asubuhi kwa asubuhi. Na kama unaulizaka miye ni mama ya nani, leo nitakuhesabia." Akainua vidole vyeupe kwa poda. "Ya Paluku. Ya Kambale. Ya Kasereka. Ya Kakule. Na ya huyu mwenye alituandika."